Acheni kusema ni nidhamu ya Wajapani

Kila picha ya mtaa wa Kijapani ikizunguka mtandaoni, najua maoni yatakayofuata: "Wajapani wana nidhamu, sisi hatuwezi." Wenzangu wa tarakilishi nao wana wimbo wao: vitambuzi, kamera, mji wenye akili. Nimechoshwa na majibu yote mawili. La kwanza linafanya kazi ya watu ionekane tabia ya kuzaliwa. La pili linaifanya bidhaa ya kununuliwa dukani. Hebu tuchukue mtaa mmoja tu, kata ya Aoba katika jiji la Yokohama, tuone kilichoujenga.

Aoba iko kwenye vilima vya kusini magharibi mwa Tokyo na ina watu wapatao 310,000. Ni mahali pa nyumba za chini, miti kando ya barabara, na treni ya kwenda kazini Tokyo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa vijiji, mashamba na vichaka. Mwaka 1953 Goto Keita, bwana mkubwa wa kampuni ya reli ya Tokyu, aliwaita wenye ardhi wa eneo hilo akawaeleza mpango wa mji mpya. Wazo lenyewe halikuwa geni. Kobayashi Ichizo alikuwa amelitumia karibu na Osaka tangu mwaka 1910: jenga reli, uza viwanja kando yake, na anayenunua kiwanja anakuwa abiria wako maisha yake yote.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini. Mji huu ulijengwa kwa utaratibu ambao Wajapani huuita kukaku seiri, yaani kupanga viwanja upya. Wenye ardhi wanaunda chama. Mashamba yao yaliyopinda-pinda yanawekwa kwenye fungu moja na kuchorwa upya. Kila mmoja anakatwa sehemu: nyingine inakuwa barabara, nyingine bustani, nyingine inawekwa akiba ya kuuzwa ili kulipia kazi. Kwa mfano tu, unaingia na ekari tatu zisizofikika, unatoka na mbili zilizonyooka zenye barabara mlangoni. Umepoteza ardhi, hukupoteza mali. Tokyu ilifanya kazi yote kwa niaba ya vyama hivyo, na malipo yake yakawa ile ardhi ya akiba.

Na wale waliokataa? Sheria ya mwaka 1954 inasema chama kikipata ridhaa ya theluthi mbili ya wenye haki za ardhi, wakiwa na theluthi mbili ya eneo, kazi inaendelea. Anayenuna atanuna, lakini mstari wa barabara utapita. Hiyo ndiyo mnayoiita nidhamu, jamani! Ni hesabu ya kura na sheria yenye meno.

Halafu angalieni mpangilio. Reli ya Den-en-toshi ilifika eneo hili mwaka 1966, wakati sehemu kubwa ya vilima ilikuwa bado haina nyumba. Ilisogezwa kidogo kidogo hadi Chuo-Rinkan mwaka 1984. Mji wote kandokando ya reli hiyo, ambao Aoba ni sehemu yake kubwa, ukawa na hekta zipatazo 5,000. Kata yenyewe ilipata jina lake mwaka 1994, mji ukiwa umeshajaa. Sisi tunaojua ploti za kugawanywa kwanza na barabara kutafutwa baadaye tunapaswa kuisoma orodha hiyo ya miaka mara mbili.

Je, ni pepo? Hapana. Kama mwandishi wa programu, naona kosa ninalolijua vizuri: mfumo uliandikwa kwa mtumiaji wa aina moja. Baba yuko ndani ya treni, mama yuko nyumbani, watoto wako shuleni, kazi ziko mbali. Katika miaka ya 2010 treni za asubuhi kuelekea Shibuya zilikuwa zikibeba zaidi ya asilimia 180 ya uwezo wake. Na mtumiaji yule amezeeka. Takwimu za mwaka 2015 ziliwaweka wanaume wa Aoba mbele ya Japani nzima kwa umri wa kuishi, miaka 83.3. Ni habari njema, mpaka ukumbuke kwamba mzee huyo anapanda kilima akitoka dukani. Ndiyo sababu mwaka 2012 jiji la Yokohama na Tokyu walikubaliana kuanza kuurekebisha mtaa wa Tama Plaza, ambao wao wenyewe waliuona kama mfano bora.

Lakini tazama kwamba hata kosa hilo linarekebishika. Barabara zipo, bustani zipo, mipaka inajulikana. Wakazi wa Utsukushigaoka, mtaa wa Tama Plaza, waliandikiana mkataba wa ujenzi mwaka 1972 ili kulinda nyumba zao za chini. Hakuna aliyezaliwa na mkataba huo kwenye damu. Walikaa, wakabishana, wakatia sahihi.

Basi mwenye kuniuzia mji wenye akili anionyeshe kwanza ramani ya viwanja, kura za wenye ardhi, na ni nani anayekatwa nini. Kamera tutafunga baadaye. Na mwenye kuniambia "sisi hatuna nidhamu" aniambie ni mkataba gani tuliowahi kupewa tukaukataa.