Mtani Aliyekataa Kuja

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025, mchana, mwenye kibanda umiza kimoja cha pale Katesh, wilayani Hanang, alikuwa ameshapokea fedha za watu hamsini na ushei. Mabenchi yalikuwa yamepangwa kama kawaida: Simba upande wa mlangoni, Yanga upande wa ukutani, na nyuma kabisa ndoo mbili zimefudikizwa kwa ajili ya wasio na upande, ambao sijawahi kuona wakizidi wawili. Mechi ilipangwa kuanza saa 1:15 usiku. Tangu asubuhi ilijulikana kwamba Simba imetangaza haitacheza, kwa madai kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo watu wa Yanga waliizuia kufanya mazoezi kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, haki ambayo kanuni zinampa mgeni. Watu wakalipa hivyo hivyo. Nani aliwahi kuamini kwamba mtani atasusa kweli? Baadaye Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo, Yanga ikaenda uwanjani peke yake, na huku kwetu mwenye kibanda akabaki na fedha ambazo nusu yake alishalipia kifurushi cha king'amuzi. Akaomba daftari la shule la mwanawe, akaandika majina yote. "Siku wakicheza mtaingia bure," akasema, na watu wakatoka kimya kama waliotoka kusikiliza matokeo ya mtihani.

Toleo hili zima tumewapa watani wa jadi, na najua kuna wasomaji watakaokunja uso. Jarida la Hanang na Mbulu, wilaya za ngano, vitunguu swaumu na mifugo, linatafuta nini Kariakoo, Dar es Salaam? Bei ya mbaazi tumeijadili, barabara tumezijadili, na tutazijadili tena. Safari hii nina neno moja la kusema, na wenzangu katika chumba cha habari (wawili Yanga, mmoja Simba, nami simo kwenye hesabu hiyo) wameniachia ukurasa niliseme. Historia ya Simba na Yanga huandikwa kana kwamba ni mali ya mitaa miwili ya Dar es Salaam. Nusu yake imeishi huku bara, na huku ndiko ulikobaki mkataba wake wa asili, ambao wenye klabu wenyewe mwaka ule waliusahau: mtani huja. Akinuna huja, akifungwa tano huja.

Walikotoka ni nyumba moja, na hilo tusilipite haraka. Yanga ilizaliwa mwaka 1935, timu ya vijana wa Kiafrika wa mji ule wa kikoloni. Haukupita muda mrefu wakagombana, na mwaka 1936 baadhi yao wakatoka wakaunda timu yao. Hiyo ndiyo iliyoitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, hadi mwaka 1971 ilipokuwa Simba. Ndugu waligombana, wakagawana vyombo, wakahamia mtaa wa pili. Kutoka Jangwani kwa Yanga hadi Msimbazi kwa Simba ni mwendo wa miguu. Ukitukana huku, unasikika kule.

Wamarekani nao wana mpira wao wa mikononi, wenye kofia ngumu na mabega ya kuwekewa, na wana watani wao: Bears wa Chicago na Packers wa Green Bay, wanaochapana tangu mwaka 1921. Mwaka huo Bears walikuwa bado wanaitwa Staleys, kwa hiyo kubadili majina si ugonjwa wetu peke yetu. Lakini wale ni jiji kubwa dhidi ya mji mdogo, kila mmoja na kwao, na shabiki huzaliwa na timu yake kama anavyozaliwa na anwani. Kwetu anwani haisaidii kitu. Mtoto wa huku kwetu Dongobesh hajazaliwa Jangwani wala Msimbazi. Anachagua, au anachaguliwa na mjomba.

Mimi nilichaguliwa na mjomba. Sitasema alinipeleka wapi, maana mhariri ana wasomaji wa rangi zote, ila nitasema kuhusu redio yake. Mzee huyu hajawahi kufika Dar es Salaam hata siku moja, na mechi anayoikumbuka kuliko zote haikuchezwa Dar es Salaam. Ilichezwa Mwanza, Uwanja wa Nyamagana, tarehe 10 Agosti 1974, ubingwa wa taifa ukiwa mezani. Simba walitangulia mapema kwa bao la Adam Sabu. Wakakaa na bao hilo hadi dakika za mwisho, Gibson Sembuli akasawazisha, mchezo ukaenda muda wa nyongeza. Hapo ndipo betri za mjomba zilipoanza kuchoka. Alikuwa amezianika juani tangu asubuhi juu ya bati, kama tulivyokuwa tukifanya wote, lakini jua la Agosti Mbulu si jua la kutegemea. Sauti ikawa inazama. Waliokuwa uani wakamfuata mmoja mmoja, hadi wanaume sita wakawa wamebananisha vichwa kwenye redio moja kama ndama kwenye chuchu. Bao la Sunday Manara, lililoipa Yanga ushindi wa 2-1, mjomba anasema alilisikia kwa sikio la kushoto tu, na aliyekuwa upande wa pili akamwuliza: "Nani? Nani kafunga?" Hakumjibu. Anasema alimwacha ateseke mpaka redio ikafa yenyewe.

Nimeieleza kirefu kwa sababu mechi ile waliokuwa uwanjani walikuwa wachache sana kuliko walioisikiliza. Radio Tanzania iliwagawia watu wa nchi nzima wakati mmoja, na kila ua uliokuwa na betri ulikuwa jukwaa. Hata baadaye watani wamekutana mbali na Kariakoo: Kigoma mwaka 2021, fainali ya kombe ambayo Simba walishinda 1-0, Tanga mwaka 2023, Ngao ya Jamii, Simba tena, kwa penalti. Waandishi wa mjini huzitaja kama safari, kana kwamba timu zilikwenda kutembea.

Mtani pia ana daftari la madeni, na daftari hili halichakai. Mwaka 1968 Yanga waliifunga Sunderland 5-0. Julai 1977 Simba walilipa na riba, 6-0, Abdallah Kibadeni akiondoka na mabao matatu. (Mashabiki wa Simba hawapendi kukumbushwa kwamba Yanga ile ilikuwa imetoka kupasuka, wachezaji wake wengi wakiwa wamekwenda kuunda Pan African. Nawakumbusha hata hivyo. Ugomvi wa nyumba ile haukuishia 1936.) Mei 2012 Simba wakaandika 5-0 nyingine. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0, na mechi ikaisha 3-3. Mbulu hapa tuna sababu yetu ya kuipenda tarehe hiyo: tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, mtoto wetu John Stephen Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, washindi wa marathoni wakiwa wameshafika zaidi ya saa moja kabla, akamaliza. Wanaopenda ishara na wachukue hiyo. Halafu Novemba 2023 Yanga wakashinda 5-1, na hiyo nitairudia.

Kabla ya hapo, neno kuhusu adui. Watangazaji wa siku hizi wanalipenda sana: "maadui wawili wakubwa", "vita", "kisasi". Wilaya hizi mbili hazihitaji kufundishwa neno hilo. Wadatoga wa Hanang huitwa na wengi Wamang'ati, jina ambalo wenyewe hawalipendi, na asili yake ni Kimaasai, maana yake maadui. Mtu amepewa uadui hadi ukawa jina lake kwenye karatasi za serikali. Wazee wa Kiiraqw wanajua mipaka iliyolindwa kwa mikuki, na Wadatoga wanajua malisho ya Basotu yaliyogeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali, na kesi zilizofuata. Hapa adui hakuwa mtu wa kukutania. Alikuwa mtu ambaye ukisikia ng'ombe wametimka usiku, unajua kwa nini.

Mtani ni kitu kingine kabisa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani wao una sheria. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu na huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kuchukua kuku wako. Lakini ukifiwa, ndiye anayeingia msibani akifanya vituko, akiigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Matusi yale yote ya miaka yamelipiwa na siku hiyo moja. Sisi Wairaqw, Wadatoga, Wanyaturu na Wahadzabe wa Yaeda Chini, lugha nne ambazo hazina hata bibi wa pamoja, hatukuurithi utani wa namna hiyo kati yetu. Tumeupata kwa njia ya ajabu, kutoka kwa vijana waliogombana Dar es Salaam mwaka 1936. Leo kijana wa Kidatoga anaweza kumwita Mwiraqw wa Simba "kolo" katikati ya mnada, na Mwiraqw akamjibu "utopolo", jina la kuwatania Yanga, na wote wawili wakaendelea kupatana bei ya beberu.

Sasa ile 5-1. Ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023. Wiki nzima iliyofuata, Katesh hukuweza kusalimiana na shabiki wa Yanga bila kuoneshwa kiganja, vidole vitano vimetanuliwa. Jirani yangu mmoja, fundi wa pikipiki, alikuwa akimwonesha mwenzake wa Simba kiganja kila asubuhi, bila kusema neno, mpaka yule akaanza kupita njia ya nyuma. Jumapili nne baadaye, tarehe 3 Desemba, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang. Zaidi ya watu 80 walikufa, nyumba zikafukiwa, barabara ikageuka mto wa udongo na magogo. Fundi yule nilimwona jioni akiwa na jezi ya njano ambayo rangi yake ungeijua kwenye kwapa tu. Alikuwa akichimba kwenye ua wa yule wa Simba, ambaye alikuwa akimtafuta mama mkwe wake. Walichimba mpaka taa za simu zikaisha chaji. Siku ya tatu ya matanga, fundi aliushika mkono wa mfiwa, akamkunja vidole viwili. "Nimepunguza," akamwambia. "Iwe tatu." Nilikuwa nimekaa karibu. Mfiwa alicheka kwa sauti hadi wanawake waliokuwa jikoni wakageuka kutazama.

Ndiyo maana yale ya Machi 2025 yaliniudhi kuliko kipigo chochote. Sisemi Simba walidanganya kuhusu kuzuiwa, na sisemi Yanga hawakuwa na haki ya kudai pointi zao. Wanasheria wa pande zote mbili walisema vya kutosha, kesi zikafika mpaka Uswisi. Ninachosema ni kwamba kwa miezi mitatu na nusu watani walizungumza kama wadai na wadaiwa. Mechi ikapangwa, ikasogezwa, huyu akasema hachezi, baadaye yule. Mtu wa Kariakoo alipoteza jioni moja. Mtu wa Hydom aliyepanda basi usiku kucha ili aione dabi mara moja maishani alipoteza vingine, na hakuna kanuni ya ligi inayomtaja.

Nitazungumza pia dhidi yetu wenyewe. Msimu huohuo Manyara tulikuwa na timu ya Ligi Kuu, Fountain Gate, iliyohamia Babati kwenye Uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Tarehe 6 Februari 2025 Simba walikuja pale, mkoani kwetu, wakatoka 1-1. Bao la Fountain Gate alijifunga Ladack Chasambi wa Simba, aliyemrudishia kipa wake mpira. Nilikuwepo. Uwanja ulilipuka, na nikageuka kuona wenyeji wanavyofurahia timu yao. Waliokuwa wanarukaruka walikuwa wamevaa kijani na njano. Yanga haikuwa ikicheza siku hiyo. Timu ya mkoa ilisawazishiwa bao na ikawa mgeni kwenye sherehe yake, na hilo si kosa la Kariakoo.

Mechi ile hatimaye ilichezwa Jumatano, tarehe 25 Juni 2025, na Yanga walishinda 2-0, wakabeba ubingwa wa nne mfululizo. Pale kibandani mwenyewe alisimama mlangoni na daftari la mwanawe. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu za sehemu, za nyuma majina yetu. Akaita mmoja mmoja, kila aliyeitwa akaitika, akaingia, akakaa upande wake. Alipofika jina la kijana mmoja wa Simba pakawa kimya. Kijana alikuwa ameshakwenda Mirerani kutafuta riziki machimboni. Akaita mara ya pili. Kutoka benchi la ukutani mtu akaitika, "Yupo!" Akavuka hadi upande wa mlangoni, akatoa simu, akapiga, akaiweka sauti ya juu na kuilaza kwenye nafasi ya yule kijana. Ilikaa pale dakika zote tisini, na kila Yanga walipofunga, mashabiki wao waliinama mmoja baada ya mwingine kuisemesha.