Dhalimu anapokuwa ndugu yetu

Ndugu Waislamu, mwezi Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi, iliishitaki Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa kuvunja Mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari. Waliotetewa ni Warohingya, Waislamu ambao zaidi ya 700,000 miongoni mwao walikimbilia Bangladesh kuanzia Agosti 2017. Waziri wa Sheria wa Gambia wakati ule, Abubacarr Tambadou, aliwahi kufanya kazi hapa Arusha, katika mahakama ya mauaji ya Rwanda ya 1994. Alipozuru kambi za Cox's Bazar mwaka 2018 akasikiliza wakimbizi, alitambua mambo aliyokuwa akiyasikia Arusha. Hakungoja mataifa makubwa. Januari 2020 majaji waliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliosalia.

Tulifurahi sote, na ilistahiki. Je, Darfur?

Huko muuaji na muuawa huelekea kibla kimoja. Tangu 2003 Janjaweed waliteketeza vijiji vya Wafur, Wamasalit na Wazaghawa. Mwaka 2009, Rais Omar al-Bashir alipotolewa hati ya kukamatwa, Jumuiya ya Nchi za Kiarabu na Umoja wa Afrika zilisimama upande wake. Misikitini mwetu pia tulisema ni njama za Magharibi, tukanyamaza. Kutoka kwa Janjaweed hao kikazaliwa kikosi cha RSF. Baraza la Usalama lilikitaka kiondoe mzingiro wa El Fasher tangu Juni 2024. Hakikusikia, na Oktoba 2025 kiliuteka mji huo. Shirika la Afya Duniani likatangaza taarifa za kuuawa watu zaidi ya 460, wagonjwa na waliowauguza, katika hospitali moja tu ya wazazi.

Mtume (s.a.w.) alituagiza tumsaidie ndugu yetu, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa. Maswahaba walipostaajabu, akabainisha kuwa dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa. Agizo hilo halikumtoa dhalimu anayeswali.

Basi tunawaomba maimamu waiombee El Fasher katika kunuti kama wanavyoiombea Gaza, na waitaje kwa jina. Na nyinyi wazazi, waandikieni wabunge wenu, muwatake waihoji Serikali bungeni: imesema nini katika Umoja wa Afrika juu ya Darfur, na juu ya wanaowapa wauaji silaha?