Tuhifadhi Sauti Kamili

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazee wetu mliotutangulia katika shule hii, naomba nafasi kidogo nieleze jambo ambalo huonekana dogo, lakini lilitutia hasara. Jambo lenyewe ni hili: tunapogeuza faili za sauti kutoka namna moja kuwa namna nyingine, tuchague ubora gani?

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipewa kazi ya kuzitia katika kompyuta kaseti za kwaya yetu ya zamani. Nafasi katika kompyuta ilikuwa haba, basi kila wimbo niliugeuza kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, kisha nikazifuta faili za kwanza. Kaseti zenyewe zilikuwa zimechakaa, nikazitupa. Nilisifiwa kwa kumaliza mapema.

Mwaka uliofuata wanafunzi wa zamani walitaka nyimbo hizo zisikike katika vipaza sauti siku ya mkutano wao. Loo! Njuga zilisikika kama maji yanayochemka, na nyuzi za adungu hazikupambanuka. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyepiga adungu ile, aliniuliza, "Je, huyu ni mimi kweli?" Sikuwa na la kujibu. Nilikimbilia kuzigeuza tena faili zile ziwe za kilobiti 320. Zikawa kubwa mara tano, na sauti ikabaki ile ile. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sababu yake si uchawi. Sauti kamili, kama ile ya diski ya CD, hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na dakika moja yake huchukua megabaiti 10 hivi. MP3 hupunguza mzigo huo kwa kuacha zile sauti ambazo sikio la mtu halizitambui vema. Kwa kilobiti 128, dakika moja huwa chini kidogo ya megabaiti moja. Lakini ukizidi kubana, huachwa hata sauti zinazosikika, na kilichoachwa hakirudi.

Wako wenzetu wasemao kwamba yafaa kila kitu kiwe cha ubora wa juu kabisa. Sikubaliani nao. Bando hununuliwa kwa fedha, na hotuba ya mtu mmoja, isiyo stereo, husikika vizuri kwa kilobiti 64. Wengine husema faili ndogo zatosha daima, kwa kuwa siku hizi twasikiliza katika simu. Hao nao wamekosea, maana sauti ipendezayo katika simu yaweza kutuaibisha ukumbini.

Kwa maoni yangu shule iweke kanuni tatu. Kwanza, kila sauti ihifadhiwe nakala moja kamili, ya WAV au FLAC. FLAC hupunguza ukubwa, mara nyingi karibu nusu, bila kuacha kitu. Pili, nakala ndogo za kupelekeana katika simu zitolewe katika nakala kamili hiyo, si katika MP3 nyingine. Tatu, kaseti isitupwe.

Wazee wetu, ikiwa yuko kati yenu mwenye kaseti ya kwaya ile katika sanduku lake, namwomba ailete shuleni. Safari hii sitafanya haraka. Akiba haiozi.