Nyasi Nayo Ina Ukoo



Wahenga walinena, wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na kila mara tunamhurumia mnyonge. Nyasi yenyewe hatuiulizi hali. Leo naomba nafasi niisemee. Najua kuna watakaocheka: ati Chama cha Kiswahili na nyasi, wapi na wapi? Basi jueni kwamba wengi wetu tuliotoka Rongo, Awendo, Ndhiwa na Mbita, karo yetu hupitia kinywani mwa ng'ombe kabla ya kufika ofisini kwa bursa.

Ng'ombe wa maziwa huku kwetu hula nepia, na nepia haipandwi kwa mbegu. Mkulima huomba vipande vya shina kwa jirani, akavichomeka ardhini, mvua ikamaliza kazi. Ni ujirani mwema huo. Lakini kipande ni mmea uleule uliokatwa. Shamba la baba, la jirani na la shangazi kule Suna huenda likawa mmea mmoja uliogawanywa mara elfu. Ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote.

Na ugonjwa umekwisha kuja. Nepia imedumaa mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya: majani hugeuka manjano na kuwa membamba, shina likafupika, mwisho kichaka chote hufa. Kisababishi ni kijidudu kiitwacho fitoplazima. Husambazwa na mdudu mdogo afyonzaye majani, na pia na vile vipande tunavyopeana. Yaani ukarimu wetu ndio gari la maradhi.

Maoni yangu ni kwamba tusipande nepia ya ukoo mmoja tu. Ili mniamini, hebu twende darasani kidogo.

Ndani ya kila seli mna nyuzi ziitwazo kromosomu, ndizo zibebazo urithi. Nepia ina 28, uwele una 14. Mmea unapotengeneza chavua au yai, kromosomu hujipanga jozi jozi, zikabadilishana vipande, kisha zikagawana nusu kwa nusu. Hapo ndipo urithi wa babu na wa nyanya unapochanganyika, na ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kati ya watoto mia, huenda mmoja akazaliwa na nguvu za kuuvumilia ugonjwa. Kipande cha shina hakipitii ngoma hiyo hata siku moja.

Wataalamu wamewahi kuoza nepia kwa uwele. Mtoto hupata 14 za huku na 7 za kule, jumla 21. Ngoma ikianza, saba za uwele hupata wenzao saba upande wa nepia, na saba zilizobaki hukosa wa kucheza naye. Basi mtoto huyo hukua vizuri na ng'ombe humla, lakini ni tasa, sawa na nyumbu aliyezaliwa na punda na farasi.

Sasa tazameni brakiaria, nyasi ya asili ya Afrika. Mwaka 1984 na 1985 watafiti wa kituo cha CIAT cha Kolombia walikusanya aina zake katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Ruziziensis, iliyopewa jina la bonde la Ruzizi huko Burundi na Kongo, ina kromosomu 18. Brizantha iliyotakikana ilikuwa na 36, tena mbegu zake hujifanya bila baba. Mwana hutazama kisogo cha nina! Wabelgiji waliifanya ruziziensis iwe na 36 kwa dawa, na hapo ndoa ikawezekana: yai la ruziziensis, chavua ya brizantha. Mahuluti wakazaliwa, miongoni mwao Mulato, kisha Mulato II.

Mulato II imerudi nyumbani. Kituo cha ICIPE pale Mbita, Homa Bay, kimeitumia katika kilimo cha sukuma-vuta: desmodiamu katikati ya mahindi hufukuza bungua na kuzuia kayongo, nayo brakiaria pembeni huwavuta bungua hao. Lakini mbegu imekuwa ikinunuliwa kutoka ng'ambo. Nyasi ya kwetu, tunauziwa sisi! Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mtu ataniambia, basi tung'oe nepia yote, tupande Mulato II. La hasha! Mbegu yake ni nakala ya mama, kwa hiyo shamba zima ni mmea mmoja vilevile, na hapa Kenya imekwisha kushambuliwa na utitiri mwekundu. Tutakuwa tumeruka mkojo tukakanyaga mavi.

Nasema hivi. Kwanza, nepia iliyodumaa ing'olewe, na asiombe mtu vipande kabla ya kutazama majani. Pili, shamba la shule liwe na aina nne au tano za nyasi, Chama cha Kilimo kizipime, nasi Chama cha Kiswahili tuandike matokeo kwa lugha ambayo mama zetu wataisoma. Tatu, nyasi pori za kando ya barabara na ufuoni tusizichome ovyo. Humo ndimo urithi unamochanganyika bila kulipwa na mtu, na huenda humo ndimo ilimo dawa ya kesho.

Fahali na wapigane watakavyo, lakini wakichoka watataka kula. Je, tutakuwa na nini cha kuwapa?