Zamu ya Maji

Safu yetu mara hii inatoka shambani. Wikiendi moja sisi wanne tulikwenda Nizwa kwa babu yake mwenzetu, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Oman miaka ya 1970. Shamba lake linanyweshwa kwa falaji, mfereji unaoleta maji kwa mteremko tu, bila pampu.

Tulikuta kitalu kizima kitupu. "Babu, hapa mbona hukupanda?"

"Wajukuu zangu, kitunguu ni cha msimu. Mtende ukifa, utangoja miaka kupata mwengine."

Falaji hugawa maji kwa wakati, si kwa ujazo. Fungu moja huitwa athar (si "athari" yetu ya darasani), nalo ni takriban nusu saa. Maji yakipungua, kila mtu hubaki na nusu saa yake, ila mkondo ndio huwa mwembamba. Hasara basi humgusa kila mwenye fungu. Kwa hiyo mkulima huamua mapema: mitende kwanza, na mwaka wa ukame ardhi ya mazao ya msimu hupumzishwa.

Zamu ya babu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Tukamwambia alale, maji tutayafungua sisi. Simu ikalia, tukaizima, usingizi ukatuchukua tena. Tulipofika mferejini zilibaki dakika kumi. Mitende sita haikupata hata tone, na zamu nyengine ni baada ya siku nane.

Jirani alikuwa keshasimama na jembe lake. Tulitaka kumwomba dakika chache, babu aliyetufuata akatukataza. "Leo tukila zamu yake, na yeye kesho ale ya nani?" Kisha akamwambia jirani afungue upande wake.

Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mifereji mitano ya Oman, ukiwemo Falaji Daris wa hapo Nizwa, katika orodha ya urithi wa dunia. Sisi tulizijua habari hizo kwa kusoma. Usiku ule tulijifunza kwamba urithi huo unataka mtu wa kuamka.

Zamu iliyofuata tulirudi, na saa nane tulikuwa macho. Mitende sita ilianza kunywa kwanza. Wahadhiri waliotuona tukisinzia Jumapili ile asubuhi, sababu ndiyo hiyo. Mtuwie radhi.