Daftari la Adhabu Lina Safu Pungufu

Kaa na wazazi na walimu popote kuanzia Somanga hadi Mchinga, utasikia kauli ileile: mtoto wa pwani hapendi shule, na mkorofi dawa yake fimbo. Kisha italetwa methali ya kuitilia muhuri: samaki mkunje angali mbichi. Kauli hiyo si kweli, na inatuharibia watoto.

Nieleze nilichokiona katika shule moja ya ufukweni wilayani Kilwa. Kipindi cha pili, hisabati. Mvulana wa darasa la sita amelaza kichwa juu ya dawati. Mwalimu anagonga dawati kwa rula, mvulana anashtuka, darasa zima linaangua kicheko. Anasimama, anasukuma dawati, anamtolea mwalimu neno nisiloweza kuliandika hapa. Kwenye daftari la adhabu ikaandikwa: jeuri kwa mwalimu, viboko 4. Yakaisha.

Lakini magamba ya dagaa yalikuwa bado yameganda vidoleni mwake. Zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, na mashua za dagaa hutoka usiku na taa zao zikarudi alfajiri. Mtoto yule alikuwa pwani tangu saa kumi usiku, akibeba ndoo hadi kwenye majiko ya kuchemshia. Chai hakunywa. Alilala kwa uchovu, na tusi lilimtoka baada ya kuchekwa, si kabla. Sisi watu wazima tukiaibishwa mbele za watu tunawaka. Mtoto tunataka atushinde kwa subira.

Sisemi matusi yavumiliwe. Nasema tukitaka asirudie, tujue kilichomfikisha pale. Fimbo haikugusa usingizi, njaa wala kicheko. Mwezi ujao giza litarudi, naye atalala tena. Na mwenye mashua je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, lakini aliyechapwa ni mtoto.

Vichocheo vya namna hii huja kwa majira yake. Msimu wa korosho ukiingia Oktoba, wazazi wanahamia mashambani, binti wa miaka 12 anaachiwa nyumba na wadogo zake. Anafika shuleni saa tatu, anachapwa kwa kuchelewa, baada ya wiki mbili anaitwa mtoro. Mwali ametoka unyagoni akiambiwa sasa ni mtu mzima. Jumatatu anapigishwa magoti mbele ya watoto wadogo, halafu tunashangaa amepata wapi kiburi. Na kidato cha kwanza? Miaka 7 ya Kiswahili, kisha ghafla kila somo ni Kiingereza. Yule mchekeshaji wa dawati la nyuma, mara nyingi, anaomba tu asiulizwe swali.

Kanuni za viboko za mwaka 1979, na marekebisho yake ya 2002, zinataka viboko visizidi 4 na kila adhabu iandikwe: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la mwalimu aliyechapa. Safu ya kilichotangulia haimo. Nataka iongezwe, hata kwa kalamu na rula.

Nitaambiwa darasa lina watoto 80, muda uko wapi. "Giza, hakula, kachekwa." Maneno hayo yanachukua muda gani? Kumchapa mtoto yuleyule kila mwezi kwa kosa lilelile ndiko kunakokula muda.

Na methali yetu tuisome vizuri. Samaki hukunjwa kwa mikono. Lazima umshike, uhisi mfupa umelalaje, la sivyo unamvunja. Hakuna mvuvi wa Kivinje anayekunja samaki kwa kumpiga.

Walimu wakuu wa Kilwa na Lindi, nawaomba jambo moja. Wengi wenu mmepangiwa kazi huku mkitoka mbali, na hesabu ya giza na bamvua hamkuikuta chuoni. Muiteni mzee mmoja mvuvi, mfungue naye daftari la mwaka jana, awawekee siku za giza kando ya majina ya waliochapwa. Kisha kamati ya shule iwaite wenye mashua, kabla giza lijalo halijaingia.