Fedha za Duka la Mtandaoni Geita: Ziko kwa Nani Kabla ya Kumfikia Muuzaji?

Bajeti ya Serikali ya mwaka wa fedha 2025/26, iliyosomwa bungeni Juni 2025, ilipendekeza kushusha Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 18 hadi asilimia 16 kwa mnunuzi wa mwisho anayelipa kwa njia ya benki au ya kielektroniki badala ya fedha taslimu. Miezi michache kabla ya hapo, Machi 2025, zilitolewa kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iliwataka wanaofanya biashara mtandaoni kujisajili na kupata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi. Hatua hizo tatu zikisomwa kwa pamoja zinaonesha mwelekeo mmoja: biashara inayofanyika kwa simu na kompyuta inaingia katika utaratibu rasmi, na shilingi inayolipwa humo inatakiwa kupita katika njia inayoonekana.

Kwa mkoa wa Geita, mwelekeo huo unagusa riziki za watu moja kwa moja. Tangu mkoa uanzishwe mwaka 2012, miji ya biashara kama Katoro imeendelea kuhudumia machimbo ya Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko kwa pampu, mipira ya maji, kamba, kofia ngumu, buti na vipuri vya karasha. Mteja wa bidhaa hizo hatulii mahali pamoja. Mwezi huu yuko Nyarugusu, mwezi ujao yuko Chunya mkoani Mbeya, na bado anamkumbuka muuzaji wake wa Katoro. Kwa upande wa usafirishaji, kufunguliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli (Kigongo–Busisi) tarehe 19 Juni 2025, lenye urefu wa takribani kilomita 3, kumeondoa foleni ya kivuko kwa mizigo inayotoka Mwanza kuelekea Geita. Mzigo unavuka ziwa kwa dakika chache. Malipo yake ndiyo yenye safari isiyoeleweka kwa wengi, hasa pale muuzaji anapoamua kufungua duka la mtandaoni na kukabidhi kazi ya kupokea fedha kwa kampuni nyingine.

Kampuni hiyo ndiyo inayoendesha kile kinachoitwa lango la malipo. Muuzaji angeweza kuingia mkataba na kila mtandao wa simu na kila benki, kisha akaunganisha duka lake na kila mmoja wao, lakini kazi hiyo ina gharama ambayo duka dogo haliwezi kuibeba. Lango la malipo humpa mkataba mmoja na muunganisho mmoja. Mnunuzi akichagua bidhaa, lango hutuma ombi kwenye simu yake, naye huweka namba ya siri na kukubali. Au hujaza taarifa za kadi yake katika ukurasa salama wa lango lenyewe. Selcom, Pesapal, DPO, AzamPay na ClickPesa ni miongoni mwa majina yanayojulikana nchini katika huduma hii. Zipo pia kampuni kubwa za kimataifa ambazo jina lake huonekana katika kila somo la kufungua duka mtandaoni, lakini baadhi yake hazifungui akaunti ya kupokea malipo kwa mfanyabiashara aliyeko Tanzania, na wengi huligundua hilo wakiwa wamekwisha kulipia tovuti.

Jambo ambalo mfanyabiashara wa Geita anapaswa kulifahamu kabla ya mengine yote ni kwamba fedha ya mnunuzi haiendi moja kwa moja kwake. Inatoka kwenye pochi ya simu ya mnunuzi, inaingia katika akaunti ya kampuni ya lango, inakaa humo kwa muda uliotajwa katika mkataba, kisha ndipo inahamishiwa kwenye akaunti ya benki ya muuzaji ikiwa imekatwa ada. Katika kipindi hicho cha kati, iwe ni saa chache au siku kadhaa, muuzaji ana haki ya fedha ambayo hana mkononi. Usalama wake unategemea sheria na mkataba.

Upande wa sheria uko wazi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeipa Benki Kuu ya Tanzania mamlaka ya kutoa leseni kwa watoa huduma za malipo na kuwasimamia, na inakataza kuendesha mfumo wa malipo bila leseni. Benki Kuu huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Kulinganisha jina lililo katika orodha hiyo na jina lililoandikwa kwenye mkataba, herufi kwa herufi, ni kazi ya dakika kumi isiyo na gharama. Jina la kibiashara linalong'aa kwenye tangazo linaweza kuwa ni la wakala tu, ambaye leseni si yake na akaunti inayopokea fedha haiko chini ya usimamizi wowote.

Upande wa mkataba ndiko uzembe ulikojificha. Wafanyabiashara wengi huuliza asilimia ya ada na kuishia hapo. Maswali yenye uzito ni mengine: fedha itahamishwa baada ya siku ngapi za kazi? Je, kuna kiwango cha chini kinachotakiwa kufikiwa kabla ya kuhamishwa? Kampuni inaweza kuzuia fedha kwa sababu zipi, na kwa muda gani? Mkataba ukivunjwa, salio linarudi lini? Malipo ya kadi yana hatari yake ya pekee, kwa kuwa mwenye kadi anaweza kulalamika kwenye benki yake hata baada ya miezi kadhaa kwamba hakununua bidhaa hiyo, na fedha ikarudishwa kwake ilhali pampu imekwisha kushushwa mgodini. Muuzaji asiye na hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa hatakuwa na cha kujitetea.

Ada nayo inahitaji hesabu ya kalamu. Chukulia duka la vipuri linalouza pampu kwa Sh400,000 na kubakiwa na faida ya asilimia 8, yaani Sh32,000. Lango likikata asilimia 3 ya bei, ni Sh12,000, zaidi ya theluthi moja ya faida. Asilimia tatu inasikika ndogo kwa sababu inatajwa juu ya mauzo, ilhali inalipwa kutoka kwenye faida. Muuzaji wa nguo mwenye faida kubwa kwa kila kipande ataimudu. Muuzaji wa saruji au nondo, ambaye faida yake ni nyembamba, huenda asiimudu kabisa. Punguzo la Kodi ya Ongezeko la Thamani lililotajwa hapo juu halitabadilisha hesabu hiyo kwa duka dogo, kwa kuwa kiwango cha mauzo kinacholazimisha usajili wa kodi hiyo ni Sh200 milioni kwa mwaka.

Eneo linaloleta hasara za wazi zaidi, hata hivyo, ni uthibitisho wa malipo. Katika biashara ya simu ilivyozoeleka, mteja hutuma fedha, ujumbe mfupi huingia, mzigo hupakiwa. Matapeli wameusoma utaratibu huo vizuri. Ujumbe wa kughushi unaofanana na ule wa mtandao wa simu ni mbinu kongwe, sawa na ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ambao umewahi kuingia karibu katika kila simu nchini. Lango la malipo lililounganishwa vyema linaondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo, kwa sababu duka halisomi ujumbe wa simu. Linapokea taarifa kutoka kwenye mfumo wa lango, yenye namba ya oda, kiasi na hali ya muamala. Tatizo ni kwamba maduka mengi yameunganishwa nusu: fedha inapita langoni, lakini kijana wa ghala bado anaoneshwa ujumbe kwenye simu ya mteja ndipo anatoa mzigo. Hapo muuzaji analipia ada ya lango na kubaki na hatari ileile.

Mtandao dhaifu katika maeneo ya machimbo huongeza utata. Mnunuzi anaweka namba ya siri, fedha inakatwa, mawasiliano yanakatika kabla taarifa haijarudi dukani. Duka linaonesha kuwa malipo hayajakamilika. Mnunuzi, kwa nia njema, analipa tena. Kinga yake inajulikana: kila oda iwe na namba yake moja isiyorudiwa, na duka liuulize mfumo wa lango hali ya muamala wa kwanza kabla ya kuruhusu ombi la pili. Mtaalamu anayejenga duka anapaswa kulijaribu tukio hili katika mazingira ya majaribio, kwa kukata intaneti katikati ya malipo, kabla duka halijafunguliwa kwa umma.

Wananchi wa Geita hawako mbali na utaratibu huo kama inavyodhaniwa. Mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017, umejengwa juu ya wazo hilohilo: ankara moja, namba moja ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoitwa mtaani kontro namba. Mlipaji huchagua benki au mtandao autakao, na taasisi inayodai hupata taarifa ya malipo yenye namba ileile. Wafanyabiashara wa madini wanaolitumia Soko Kuu la Dhahabu la Geita, lililozinduliwa tarehe 17 Machi 2019 na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, wanajua kwamba tozo za Serikali hazilipwi kwa kuonesha ujumbe wa simu dirishani. Duka la mtandaoni la Katoro linahitaji nidhamu hiyo kwa kiwango chake, pamoja na zoezi la kila jioni la kulinganisha orodha tatu: oda zilizopokelewa, miamala iliyothibitishwa na lango, na fedha iliyoingia benki. Tofauti ya siku moja hutafutwa kwa nusu saa. Ikiachwa miezi mitatu, hugeuka kuwa ugomvi wa maneno.

Kuna suala lingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni nani anayeshika funguo. Muunganisho wa lango hutumia funguo za siri, ambazo ni mfululizo wa herufi na tarakimu unaoutambulisha mfumo wa duka. Kwa kawaida hujazwa na kijana aliyetengeneza tovuti, na mara nyingi ndiye pekee anayezijua. Kuna maduka ambayo hata akaunti ya lango imefunguliwa kwa barua pepe ya fundi huyo. Siku wakikosana, au akihamia Dar es Salaam na kubadilisha namba, mwenye duka anajikuta mgeni katika biashara yake. Akaunti ifunguliwe kwa jina la biashara lililosajiliwa BRELA, kwa Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi ya mwenyewe na akaunti ya benki ya biashara, na funguo zibadilishwe kila fundi anapomaliza kazi.

Pamoja na hayo yote, si kila duka linahitaji lango la malipo. Muuzaji mwenye oda tano au kumi kwa siku, anayewajua wateja wake kwa majina, anaweza kuhudumiwa vya kutosha na namba ya kulipia ya mtandao wa simu au na msimbo wa TANQR. Uwezekano wa kutuma fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, ulioanza nchini mwaka 2014, na baadaye Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo (TIPS) wa Benki Kuu, vimepunguza ile shida ya zamani ya mteja kuwa mtandao mmoja na muuzaji mwingine. Lango linaanza kuwa na maana pale oda zinapozidi uwezo wa mtu mmoja kuzifuatilia kwa macho, au wanunuzi wa kadi kutoka mbali wanapoanza kubisha hodi.

Anayelifungua anachukua pia dhamana ya taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitunza kwa usalama. Majina, namba za simu na anwani za wanunuzi ni taarifa za aina hiyo. Namba za kadi hazipaswi kuhifadhiwa dukani kwa namna yoyote. Kazi hiyo ni ya lango.

Fedha inapokwama, malalamiko huanzia kwa kampuni ya lango yenyewe, kwa maandishi. Pasipopatikana jibu la kuridhisha, Kanuni za Benki Kuu za Kumlinda Mlaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinampa mlalamikaji nafasi ya kulifikisha suala Benki Kuu, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina tawi jijini Mwanza. Namba za simu zinazotumiwa na matapeli huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Kwa malalamiko yoyote kuhusu lango, mfanyabiashara atatakiwa kuwa na nakala ya mkataba, namba ya oda, namba ya muamala, tarehe na taarifa ya benki inayoonesha kuwa fedha haijaingia.